Ndiva Isiyofurika

Mchana, ukungu wa mlima Shengena unaposhuka na kukalia mapaa ya kijiji cha Chome, Rogathe Sifael hupenda kuketi kwenye kizingiti cha ofisi ya mtandao na kuwaza juu ya maneno yanayopita hewani bila kulowa. Hayaonekani. Yanapanda kutoka Same mjini, kutoka juu ya paa la duka la Amiri, yanagusa nguzo ya chuma iliyo ukingoni mwa mlima, yanakata kona, kisha yanateremka hadi kwenye sahani nyeupe iliyo juu ya kichwa chake. Njiani yanapita juu ya migomba, juu ya watu wanaopandisha mlima na mizigo kichwani, na hakuna hata mmoja anayeinua macho. Rogathe huinua. Ana miaka arobaini na mitatu, na bado huinua macho kama mtoto aliyeambiwa kuna ndege inapita.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya ghala la tangawizi na zahanati. Ndani mna meza, betri nne, kompyuta mpakato ambayo nusu ya herufi zake zimefutika, na kisanduku cheusi chenye taa za kijani ambacho wanakijiji wote sasa wanakiita ruta, kwa heshima kidogo, kama mtu anavyotaja jina la mgeni aliyekaa muda mrefu bila kuaga. Kutoka kwenye kisanduku hicho mtandao hugawanywa kwa zahanati, shule ya sekondari, ofisi ya usharika, ghala, na nyumba thelathini na moja. Wote wanategemea njia moja, nayo ni nyembamba. Anayeitunza ni yeye.

Si mtu wa maneno mengi. Ukimsalimu atakujibu, lakini ukimwuliza swali atafikiri kwanza, na mara nyingi jibu zuri humjia wakati wewe umeshafika kwako. Hakuolewa, na watu walishachoka kumwuliza.

Alikulia kando ya maji. Baba yake, marehemu Sifael, alikuwa mwangalizi wa ndiva ya ukoo wao, lile bwawa la udongo na mawe ambalo mababu walilichimba juu ya mashamba. Kijito hulijaza wakati watu wamelala. Kukipambazuka tundu la chini huzibuliwa, maji yakateremka mferejini, na kila kaya ikachukua zamu yake. Alipokuwa mdogo Rogathe alikuwa akilala kifudifudi ukingoni, sikio ardhini, akisikiliza ndiva inavyojaa. Alisema ilikuwa ikinong'ona. Baba yake hakumcheka. Yeye mwenyewe aliishi kwa hofu moja tu, kwamba maji yatapita juu ya ukingo na kupotea bondeni bila kufika kwa mtu. Jumapili moja, watu wakitoka ibadani, alisikia mlio wa maji yanayomwagika, akaacha Biblia kwa mkewe, akapiga magoti na suti yake ya pekee na kuziba ukingo kwa mikono, kwa tope na mizizi ya majani, hadi mlio ukakoma. Kisha akainuka, akatabasamu, akaenda kula chakula cha mchana akiwa na magoti meusi.

Alipomaliza kidato cha nne, Rogathe alishuka Same kujifunza kazi kwenye duka la Amiri, mfanyabiashara wa redio, simu na paneli za sola, ambaye nyuma ya duka alikuwa na kompyuta sita za intaneti. Alikwenda kwa miezi mitatu, akakaa miaka kumi na mmoja. Amiri ndiye aliyemfundisha kubana vichwa vya waya, kusoma taa za mitambo, na kutomwamini mteja anayesema hajagusa kitu. Baba alipougua Rogathe akarudi juu, na baada ya mazishi hakuondoka tena. Mama alikuwa peke yake. Na huko juu simu ilishika mahali pamoja tu, kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya zahanati, ambako watu walipanga mstari wakiwa wameinua mikono kama wanaoomba.

Wazo la kuleta mtandao lilikuwa lake. Kuubeba ilikuwa kazi ya wote. Pembe ililia kuita msaragambo, kama inavyolia siku ya kusafisha mfereji, na kila kaya ikatoa mtu. Wanaume walipandisha vyuma vya nguzo mabegani. Wanawake walibeba betri mgongoni, wamezifunga kwa kanga, wakatembea taratibu kama wanaogopa kuziamsha.

Kosa la Rogathe lilianza mwaka huohuo, katika masika ya kwanza, na alilifanya kwa upendo.

Kila kinachopita mtandaoni, iwe picha ya tangawizi au sauti ya mtu, hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hupewa anwani yake kama barua. Mafundi huviita pakiti. Zikija nyingi kuliko uwezo wa njia, ruta huzipanga foleni. Foleni ikijaa, zinazofuata hutupwa. Ruta huandika idadi ya zilizotupwa kwenye safu ndogo pembeni mwa kioo cha kompyuta, na katika masika hayo Rogathe aliitazama safu hiyo ikipanda: arobaini, mia na kumi, mia tatu. Alihisi baridi mgongoni. Aliusikia ule mlio wa maji yanayomwagika. Basi akafanya kile ambacho mtoto yeyote wa mwangalizi wa ndiva angefanya, akainua ukingo. Foleni iliyotoka kiwandani ikiwa na nafasi hamsini akaipa mia mbili, kisha mia tano, kisha elfu mbili, hapa juu na kule chini kwa Amiri pia, hadi safu ya zilizotupwa ikasimama kwenye sifuri na kubaki hapo.

Ilibaki hapo miaka mitatu. Mwenyekiti wa kamati ya mtandao, Nathanaeli, mkulima wa tangawizi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, aliwaleta wageni waione. "Haumwagi hata tone," aliwaambia, akigonga kioo kwa kidole. "Waulizeni huko mjini kama wana sifuri kama hii."

Mwaka huu mvua zilikata barabara kabla ya Pasaka. Zahanati ilikuwa na mjamzito wa miezi minane, Careen, ambaye presha yake ilikuwa ikipanda na miguu imevimba. Kwa kuwa hakuweza kushuka Same, muuguzi Jenifer alimpima kila Alhamisi mchana, na Daktari Yunus, aliyekuwa mjini, akawaangalia kupitia tableti na kuelekeza dawa. Alhamisi moja maneno yao yalipishana vibaya. Jenifer aliuliza kuhusu dawa ya kwanza, akaona kimya, akauliza kuhusu ya pili, na papo hapo likafika jibu: "Ndiyo, mpe." Alikuwa ameshainua kidonge. Kilichomwokoa ni sura ya daktari kwenye kioo, iliyotangulia sauti: midomo yake ilikuwa imefungwa tangu kabla ya swali la pili. Lile lilikuwa jibu la swali la kwanza. Jenifer alirudisha kidonge, akapanda kwenye jiwe na simu yake huku mvua inanyesha, akauliza upya.

Kesho yake kamati ilikutana ghalani, watu wameketi juu ya magunia ya tangawizi. Jenifer hakuketi.

"Sista, tuliza roho kwanza," akasema Nathanaeli.

"Roho yangu imetulia, Mwenyekiti. Isiyotulia ni presha ya Careen."

"Lakini mtandao wetu haupotezi kitu. Rogathe, waambie. Sifuri!"

"Sifuri ya nini? Kwetu Ugweno mtu akichelewa msiba hatumsifu kwamba hakupotea njia." Watu wakaguna. "Mimi nauliza la leo, najibiwa la jana. Ningempa Careen kidonge kisicho chake, hiyo sifuri yenu mngeiweka wapi?"

"Basi sema unachotaka."

"Nataka njia yote iwe ya zahanati. Shule ina vitabu. Tangawizi haina presha."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Mzee mmoja alisema nesi ana haki, na mwingine akakubali, na Rogathe, aliyekuwa ameketi nyuma kabisa karibu na mlango, alisikia jambo lile likisogea kutoka gunia hadi gunia hadi likawa uamuzi. Alhamisi ijayo Careen angepimwa tena. Kama maneno yangepishana, nyumba zote, shule, usharika na ghala wangekatwa siku hiyohiyo, na Rogathe mwenyewe ndiye angezichomoa waya.

"Dada Rogathe, umenisikia?" Jenifer akamgeukia, sauti imeshuka. "Sina ugomvi na wewe."

"Nimesikia," akasema Rogathe. Alitaka kusema mengine. Yalimjia akiwa nje tayari, ambako wanafunzi walikuwa wakishuka kutoka shuleni kwa makundi, wakiingia ukungu miguu kwanza, kama watu wanaoingia mtoni. Aliwatazama hadi wote wakazama.

Hadi giza lilipoingia alikagua waya. Alipanda juu ya paa akafuta sahani kwa upindo wa kitenge. Alipima nguvu ya mawimbi, ikawa nzuri. Alipima kasi ya kushusha video, nayo ikawa nzuri kama siku ya kwanza. Hakuna kilichoharibika. Hilo ndilo lililomtisha.

Jumamosi alikuwa nyumbani, amekaa kwenye mlango wa jiko akichambua maharage bila kuyaona. Mama yake, Ernesta, alikuwa mbele ya chungu cha makande, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Alikuwa akimpigia Anderson, mdogo wake Rogathe aliyeko Arusha.

"Haloo, Anderson!" Mama akaita. Kisha akaipa simu mgongo, akatumbukiza mwiko chunguni.

"Mama, mbona umemwacha?"

"Sijamwacha. Nangoja salamu yake ipande mlima. Ngoja uone." Akakoroga mzunguko mmoja. Wa pili. Wa tatu, ukiwa mzito zaidi, akikwangua chungu upande wa chini. Akageuka.

"Shikamoo, mama," ikasema simu.

"Umeona? Marahaba, mwanangu, wajukuu hawajambo?" Na akarudi kwenye mwiko.

Rogathe aliacha maharage. "Mama. Huwa ni mizunguko mitatu kila mara?"

"Mitatu. Minne kama kuni zina moshi na nakoroga kwa hasira."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini? Siku zote! Ila Jumapili. Jumapili tukitoka kanisani ananijibu kabla sijafunga mdomo, mpaka makande yanashika chini. Mimi nilidhani Jumapili ana adabu zaidi."

"Hatujambo, mama," ikasema simu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe ndiye fundi."

Jumapili, ibada ilipokwisha, Rogathe alikwenda ofisini akiwa bado na gauni la kanisani. Shule ilikuwa imefungwa, ghala kimya, na hata ukungu ulikuwa umeinuka kiasi cha kuonyesha msitu juu, mweusi na uliolowa. Alituma pakiti moja ndogo, tupu, ishuke hadi dukani kwa Amiri na kurudi. Ilirudi baada ya milisekunde kumi na nane. Muda huo hautoshi hata kupepesa jicho. Kisha akaanza kushusha masomo matatu ya video ya kidato cha tatu kwa pamoja, na kila baada ya pumzi akatuma pakiti tupu nyingine. Mia mbili. Elfu moja. Elfu tatu. Ilitulia kwenye elfu nne na mia sita, karibu sekunde tano, mizunguko mitatu ya mwiko. Safu ya zilizotupwa ilisema sifuri.

Akaweka mikono mapajani, akafumba macho.

Aliiona ndiva. Kule chini, ndani ya kisanduku kama hiki, kulikuwa na bwawa. Lilikuwa kubwa na tulivu, halina upepo, limejaa hadi ukingoni pakiti za kemia zilizolala moja juu ya nyingine. Neno la daktari likaja, dogo, lina haraka. Likafika ukingoni na kuanza kuzama. Hakuna aliyelizuia, hakuna aliyelitupa. Lilizama polepole katika ule utulivu, nyuma ya elfu mbili zilizotangulia, na lilipofika tundu la chini lilikuwa bado neno lilelile, halijapungua herufi. Maji yakilala ndivani yanaamka yakiwa maji. Shamba halijui kama yalinyesha jana au juzi. Lakini "ndiyo, mpe" likilala, linaamka likiwa jibu la swali jingine.

Akafumbua macho. Kisha akampigia Amiri, kwa kuwa njia ilikuwa tupu.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, binti Sifael! Leo unasikika kama umesimama hapa kaunta. Umeolewa nini?"

"Bosi, foleni ya kisanduku cha huko kwako. Niliirefusha."

"Ukaifanya ngapi?"

"Elfu mbili."

Kwa mara ya kwanza Jumapili hiyo, Amiri alichelewa kujibu. "Elfu mbili. Kiwanda kiliweka hamsini, wewe ukaweka elfu mbili." Akaanza kucheka, taratibu, hadi akakohoa. "Mpare wewe! Hata pakiti moja hutaki ianguke!"

"Kwani wewe si Mpare?"

"Mimi ni Mpare wa barabarani. Nimezoea kuona vitu vinadondoka kwenye malori." Alipomaliza kucheka, sauti yake ikawa ile ya zamani, ya kufundisha. "Sikiliza. Anayetuma anangoja aambiwe imefika. Asipoambiwa, anajua njia imejaa, anapunguza mwendo. Hawana namna nyingine ya kuambizana pole pole. Kila unayoitupa ni neno unalomwambia aliyetuma. Wewe umewaziba mdomo miaka mitatu. Wanamimina tu, wanadhani huko kwenu ni bahari."

"Kwa hiyo nitupe."

"Tupa mapema, tupa kidogo. Na upange zamu. Au zamu nazo nikufundishe mimi, mtoto wa mfereji?"

Zamu alizijua. Walizipanga pamoja alasiri hiyo, Amiri akiwa amesimama kando ya kisanduku cha chini, tayari kukizima na kukiwasha endapo Rogathe angekosea amri na kujifungia nje ya kisanduku. Kila mwanachama akapewa foleni yake mwenyewe, fupi. Ruta ingezunguka kutoka mlango hadi mlango ikichukua kipimo kilekile. Hapo Rogathe alisimama kidogo. Hakutaka kipimo kiwe idadi, pakiti moja kwa kila mtu, kwa sababu za video ni nene na za sauti ni nyembamba, na alikumbuka ugomvi wa mferejini, jinsi wenye mlango mpana walivyovuna maji mara mbili katika muda uleule. Akapima kwa uzito. Asiye na kitu mlangoni anarukwa. Mwenye neno moja dogo hakuti mtu mbele yake, anapita. Mwenye mzigo mkubwa anajisubiri mwenyewe.

Ilikuwa kazi nzuri. Jumatatu asubuhi aliiharibu.

Wanafunzi waliingia kwenye chumba cha kompyuta saa tatu, na safu ya zilizotupwa, ambayo haikuwa imepumua kwa miaka mitatu, ikaamka. Kumi na mbili. Tisini. Mia mbili na kumi na nne. Rogathe alikuwa anajua. Alikuwa ameelewa kila neno la Amiri. Lakini vidole vyake havikuwa vimeelewa, na kabla hajajiuliza vilikuwa vimeshaandika elfu mbili na kubonyeza. Sifuri ikarudi. Akavuta pumzi, na papo hapo akaona aibu, akiwa peke yake chumbani.

Amiri aliiona huko chini. Alimwandikia ujumbe mfupi: "Nasikia harufu ya tope. Nani anaziba?"

Hakumjibu. Alirudisha foleni fupi Jumanne, akairefusha Jumanne mchana, akaifupisha Jumatano. Kila safari alitembea hadi mlangoni, akasimama, akarudi. Jumatano jioni mama yake alimwuliza anaumwa nini, akasema haumwi. Kitu pekee alichokifanya vizuri siku zile ni kutomwambia Mwenyekiti.

Alhamisi saa nane mchana, Jenifer alimwita zahanati pamoja na kompyuta yake. "Ukae hapahapa. Kama ni aibu, tuione wote." Nathanaeli naye alikuja, amevaa koti, kama shahidi. Ukungu ulikuwa umejaa dirishani kiasi kwamba chumba kilionekana kuelea. Careen alikuwa kitandani, miguu juu ya mto, akiwatazama mmoja mmoja kwa macho ya mtu aliyejadiliwa sana wiki nzima.

"Jamani, hamjambo," akasema. "Leo mimi ni mgonjwa au ni kesi?"

"Wewe ni mgonjwa," Jenifer akamwambia. "Kesi ni huyu hapa."

Rogathe aliketi kwenye benchi, kompyuta mapajani. Shule ilikuwa imejaa. Ghala lilikuwa linapeleka picha za tangawizi kwa wanunuzi. Aliona vyote, kila mlango na foleni yake. Jenifer akaegemeza tableti mezani, akapiga, na uso wa Daktari Yunus ukatokea.

Nathanaeli aliinama juu ya bega la Rogathe kuitafuta sifuri yake. Alikuwa anajua mahali pake.

"Rogathe," akanong'ona. "Rogathe! Zinatupwa!"

"Naona, Mwenyekiti."

"Themanini! Mia na ishirini! Ziba, binti! Baba yako angekuwa hai..."

"Naona."

Mikono yake ilikuwa juu ya herufi. Alihisi ile baridi mgongoni, na kwa nyuma kabisa, mahali ambapo hapana masikio, maji yalianza kulia juu ya ukingo. Yalikuwa yanamwagika kweli. Hakujidanganya kwamba hayamwagiki. Akazitoa pakiti zile moja moja akilini, akaziacha zianguke bondeni, na kila ilipoanguka moja, alimfikiria aliyeituma, mahali fulani mbali, akisimama njiani na kujiambia, kumbe kuna watu mbele, niende taratibu. Akaondoa mikono kwenye herufi, akaikalia.

"Mia mbili!" Nathanaeli alikuwa karibu kulia.

"Presha ni ngapi leo, Sista?" akauliza Daktari Yunus.

"Mia na thelathini na nane kwa tisini na..."

"Na ngapi?"

"...na mbili."

Jenifer aliisogelea tableti. Alikuwa amekatizwa. Daktari alikuwa ameuliza katikati ya sentensi yake, na yeye akamjibu, kama watu wawili walioketi kwenye kiti kimoja. Akamtazama Rogathe, kisha tableti.

"Daktari, unanisikia sasa hivi?"

"Nakusikia. Kwa nini unanong'ona?"

"Sinong'oni. Ile dawa ya kwanza, niendelee nayo?"

"Endelea nayo. Ya pili usimpe kabisa. Nimesema usimpe."

"Simpi."

"Vizuri. Careen, mama, miguu ikoje?"

"Kama ya tembo, daktari, ila tembo aliyepumzika," akasema Careen, na daktari akacheka kabla hajamaliza neno la mwisho.

Jenifer aliuliza maswali mengine matatu, ya haraka, bila kuyahitaji sana, jinsi mtu anavyokanyaga daraja jipya mara mbilimbili. Yote yalijibiwa hapo hapo. Kisha akageuka, mkono kiunoni.

"Mwenyekiti, lile ombi langu la ghalani."

"Ndiyo, Sista."

"Lichane. Shule ibaki, ghala libaki, na usharika." Akamwelekezea Rogathe kidole, lakini uso wake ulikuwa umelegea. "Ila wewe, ukirudisha ile sifuri yenu, nitakufuata hata kanisani."

"Sirudishi," akasema Rogathe. Mara hii jibu lilikuja kwa wakati wake.

"Haya, tokeni nje sasa. Daktari anataka kumwuliza mama habari zake, na habari zake si za mkutano."

Wakatoka. Mlango ukafungwa nyuma yao. Barazani ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba ghala lililo hatua ishirini halikuonekana. Nathanaeli alisimama akifunga na kufungua kifungo cha koti lake. Alionekana amezeeka kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba kitu alichokuwa akijivunia hakikuwa na thamani.

"Zile mia mbili," akasema mwishowe. "Zimekwenda wapi?"

"Waliozituma wamezituma tena."

"Nani kawaambia?"

"Hakuna aliyewaambia. Wameona kimya, wakaelewa."

Nathanaeli aliliwaza hilo. Huko shuleni mtu alifungua dirisha, na sauti za wanafunzi wakibishana juu ya zamu ya kompyuta zikawafikia zikiwa laini, zimelowa. Nyuma ya mlango Jenifer alisema jambo, daktari akadakia, Careen akadakia wote wawili. Maneno yenyewe hayakusikika. Zilikuwa sauti tatu tu zinazogusana bila nafasi katikati, na Rogathe aliegemea ukuta, akainua uso kwenye ukungu, akazisikiliza.